Njia za changarawe katika milima ya Ufaransa: asili yake, sheria na hatari zake

BAISKELI ya changarawe ni ndugu wa karibu wa baiskeli ya mashindano ya lami. Usukani wake umepinda vivyo hivyo mithili ya pembe za kondoo dume, lakini matairi yake ni mapana zaidi, aghalabu milimita 38 hadi 50, gia za kupandia ni nyepesi, na fremu huacha nafasi ya kutosha ili matope yasikwamishe gurudumu.

Jina na biashara yake vilivuma kutoka Marekani katika miaka ya 2010, na Shirikisho la Kimataifa la Uendeshaji Baiskeli (UCI) likaandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya aina hii nchini Italia mwaka 2022. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa Timu ya Amani, alifariki baada ya kuanguka katika mbio za changarawe jimboni Vermont, Marekani.

Hata hivyo, mtu aliyekulia mashambani humu nchini na kupeleka maziwa sokoni juu ya Black Mamba atashangaa kusikia kwamba kupita na baiskeli kwenye barabara ya vumbi ni uvumbuzi. Wafaransa nao wana haki ya kushangaa vivyo hivyo.

Paul de Vivie (1853-1930), mkazi wa mji wa Saint-Étienne aliyeandika kwa jina la Vélocio, alianzisha jarida lake la waendeshaji baiskeli mwaka 1887 na akatumia miaka mingi kuwashawishi wenzake kwamba baiskeli yenye gia kadhaa ndiyo ipasayo milima. Barabara alizozipanda, ikiwemo ile ya Col de la République yenye kimo cha mita 1,161, zilikuwa za mawe na vumbi. Waandalizi wa mbio za Tour de France hawakumsikiliza. Gia za kubadilisha kwa mnyororo ziliruhusiwa humo mwaka 1937, miaka saba baada ya kifo chake.

Ni kejeli ya historia kwamba Tour yenyewe, baada ya kutafuta lami kwa miongo mingi, imerejea vumbini kwa hiari. Mnamo Julai 7, 2024, mkondo wa tisa ulioanza na kumalizikia mjini Troyes ulipitia vipande 14 vya barabara nyeupe za chokaa, jumla yake kilomita 32, katika vilima vya mizabibu vya Champagne. Mshindi alikuwa Mfaransa Anthony Turgis. Barabara hizo ni za wakulima wa zabibu, nao huzitumia kila siku kwa trekta bila kumulikwa na kamera.

Lakini atakaye kuzijua njia hizi kwa undani na aende Massif Central, nyanda za juu zilizo katikati na kusini mwa Ufaransa. Humo mna njia ndefu iitwayo Grande Traversée du Massif Central, ya takriban kilomita 1,400, kuanzia Avallon kaskazini hadi Cap d'Agde kwenye Bahari ya Mediterania. Iliwekwa kwa ajili ya baiskeli za milimani, na baadhi ya vipande vyake vina mawe makubwa mno kwa matairi ya milimita 40. Mwenye baiskeli ya changarawe hulazimika kuchagua: ashuke asukume, au azunguke kwa barabara ndogo ya kijiji.

Sehemu ya kwanza ni Morvan, vilima vya matale na misitu ambavyo kilele chake cha juu, Haut-Folin, hakizidi mita 901. Kimo hicho ni kidogo, ila miteremko ni mingi na haimpi mtu nafasi ya kupumua. Kwa karne kadhaa kuni za Morvan zilielea mtoni hadi Paris kuwapasha moto wakazi wake, na bwawa la Settons, lililokamilika mwaka 1858, lilijengwa ili kuongeza maji ya kuzisukuma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia misonobari ilipandwa kwa wingi, na barabara pana za changarawe zilichongwa ili malori ya mbao yapite. Kwa hiyo njia anayoifurahia mgeni leo ni ya biashara. Siku za kukata miti huweza kufungwa, na lori lililobeba magogo halipunguzi mwendo kwa urahisi kwenye kona.

Kusini zaidi huja volkano zilizolala za Chaîne des Puys, zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa urithi wa dunia, kisha Puy de Sancy (mita 1,886), kisha malisho makavu ya Aubrac ambako upepo ndio mlima wenyewe.

Cévennes ndiko historia ya barabara ilikoandikwa kwa damu. Baada ya Mfalme Louis wa 14 kuwanyima Waprotestanti uhuru wa kuabudu mwaka 1685, wakulima wa milima hii, waliojulikana kama Wakamisadi, waliasi kati ya 1702 na 1704. Serikali ilikuwa imepanua njia za mgongoni mwa milima ili askari na mizinga wavifikie vijiji vilivyojificha. Barabara ya Corniche des Cévennes, ambayo leo watalii huisifu kwa mandhari, ina asili hiyo.

Kando yake zimo njia kongwe zaidi, ziitwazo draille, zilizokanyagwa na kondoo wakipelekwa kila kiangazi kwenye malisho ya Mlima Lozère (mita 1,699) na Aigoual. Kondoo hahitaji mteremko wa taratibu. Draille hupanda moja kwa moja, na mwendeshaji hupanda kwa miguu.

Aliye mgeni wa mchezo huu, au asiyetaka kuadhibiwa, ana njia nyingine: reli za zamani. Katika wilaya ya Ardèche, reli nyembamba ya Vivarais ilifungwa mwaka 1968, na tuta lake limegeuzwa kuwa Dolce Via, njia ya baiskeli ya kilomita 90 hivi kutoka bonde la Rhône hadi Lamastre na Saint-Agrève. Garimoshi halipandi mlima mkali, basi nayo njia haina mwinuko wa kutisha. Haut-Languedoc nayo ina Passa Païs, yapata kilomita 80 kati ya Bédarieux na Mazamet, yenye madaraja na mahandaki. Taa ni muhimu hata mchana.

Suala ambalo vitabu vya utalii hulipitia juu juu ni hili: njia hizi ni za nani? Sheria ya Ufaransa hutofautisha njia ya kijiji, iliyo mali ya komuni na iliyo wazi kwa umma, na njia ya shamba, iliyo mali ya wenye mashamba yanayopakana nayo, ambao wanaweza kuifunga. Machoni zote mbili hufanana. Isitoshe, jirani anayeilima njia ya kijiji kwa miaka 30 bila kupingwa anaweza kudai kuwa ni yake, na njia nyingi zilitoweka hivyo, au zilifutwa mashamba yalipounganishwa kwa ajili ya trekta. Sheria ya Februari 2022 iliziruhusu komuni kuorodhesha njia zao na kusimamisha hesabu ya miaka hiyo kwa muda.

Mwaka mmoja baadaye sheria nyingine, ya Februari 2, 2023, iliwazuia wenye misitu kuzungushia nyua ndefu zinazokwamisha wanyama. Bei ya mapatano hayo ililipwa na mpita njia: kuingia katika msitu wa mtu binafsi uliowekewa alama sasa ni kosa la kutozwa faini. Kwa maoni ya mwandishi huyu, biashara hiyo ilimpunja raia, maana ua humzuia nguruwe mwitu lakini kibao humzuia mtu. Ramani za taasisi ya taifa, IGN, huonyesha njia ilipo. Hazisemi kama una haki ya kuipita. Kibao kilicho mbele yako ndicho cha kutiiwa.

Hatari nazo si za kupuuzwa. Tangu mbwa mwitu waliporejea Ufaransa mwaka 1992, wafugaji wengi milimani huwalinda kondoo kwa mbwa wakubwa weupe waitwao patou. Kosa kubwa ni kuongeza kasi. Shuka, iweke baiskeli kati yako na mbwa, sema naye kwa sauti ya upole, usimkazie macho, kisha lizunguke kundi kwa mbali.

Msimu wa uwindaji kwa kawaida huanza Septemba na kwisha mwishoni mwa Februari. Oktoba 2018 mwendeshaji baiskeli Mwingereza mwenye umri wa miaka 34 aliuawa kwa risasi ya mwindaji karibu na Montriond, katika Alps. Nguo za rangi kali si urembo; na palipowekwa kibao cha msako unaoendelea, geuka urudi.

Vuli pia huleta mvua za ghafla za Cévennes, hewa yenye unyevu kutoka Mediterania inapogonga milima. Kijito cha kuvuka kwa mguu asubuhi huwa mto wa kubeba magari jioni. Mei, Juni na mapema Septemba ndiyo miezi ya wastani.

Treni za mikoa kwa jumla hubeba baiskeli, ilhali zile za kasi huhitaji nafasi kulipiwa mapema. Maji hupatikana vijijini hata duka likiwa limefungwa: waendeshaji wenyeji hujaza chupa zao kwenye mifereji ya makaburini, baada ya kutazama kibao. Kikiandikwa "eau non potable", maji hayo ni ya maua tu.