Karo Lisilojaa: Yanayompasa Mwenye Nyumba Kuhusu Majitaka ya Nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Miongoni mwa wenye nyumba wa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania Bara, si jambo geni kumsikia mtu akijisifu kuwa karo la nyumba yake lina miaka kumi na halijawahi kuvutwa. Kwa afisa afya, sifa hiyo ni ishara ya hatari. Shimo linalopokea majitaka ya watu wanane kila siku kwa miaka kumi bila kujaa halijafanya muujiza. Majitaka hayo yamekwenda mahali, na mara nyingi mahali hapo ni maji ya ardhini, ambayo jirani anayachota kisimani.

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728. Ni sehemu ndogo tu ya wakazi hao iliyounganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka, unaohudumia zaidi katikati ya jiji na maeneo machache yanayoizunguka. Waliobaki wanategemea vyoo vya shimo, makaro na matangi yaliyochimbwa ndani ya viwanja vyao. Kwa sababu hiyo, kudhibiti majitaka nchini ni, kwa sehemu kubwa, kudhibiti kile kilichofukiwa uani mwa kila kaya, mahali ambapo mkaguzi hafiki mara kwa mara na hata mwenye nyumba hapaangalii mpaka harufu itoke.

Gharama ya uzembe katika jambo hili inafahamika. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2018 wagonjwa zaidi ya 30,000 walikuwa wameripotiwa nchini, na watu zaidi ya 500 wamepoteza maisha. Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017, ilisisitiza kila kaya iwe na choo bora na kukitumia. Hatua inayofuata ni kujua kinachoendelea chini ya choo hicho.

Sheria zinazohusika

Hakuna sheria moja inayobeba suala hili lote. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inahusu wajibu wa kuwa na choo na kuzuia uchafu unaohatarisha afya za watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuchafua mazingira, inazipa serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka, zikiwemo taka za majimaji, na inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ndiyo inayoongoza mamlaka za maji, kama vile DAWASA kwa Dar es Salaam, na kuziweka chini ya udhibiti wa EWURA. Zaidi ya hizo zipo sheria ndogo za halmashauri, ambazo ndizo mwananchi hukutana nazo kwanza anapotozwa faini. Viwango vya faini hizo hutofautiana kati ya halmashauri moja na nyingine, hivyo ni vyema kuuliza katika ofisi ya kata. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake, na maelezo ya kisheria yaliyomo humu hayaihusu.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba, kwa jicho la sheria hizi, wajibu hauishi pale maji yanapotoka bafuni. Mwenye jengo, na wakati mwingine mtu anayelikalia, anaendelea kuwajibika kwa majitaka hayo hadi yanapofika mahali palipoidhinishwa. Katika nyumba za kupanga hapa ndipo ugomvi unapozaliwa: vyumba sita, familia sita, karo moja, na kila mmoja akisubiri mwenzake aanze kuchangia gharama ya gari. Mkataba wa upangaji unaotaja ni nani anayelipia uvutaji, na ni baada ya muda gani, ungeondoa sehemu kubwa ya ugomvi huo.

Tanki sahihi hujaa siku zote

Mafundi wengi huita "septiki" shimo lolote lililojengwa kwa matofali na kufunikwa kwa zege. Kinachoitwa hivyo mara nyingi hakina sakafu. Matofali yamepangwa kwa nafasi ili maji yapenye. Hilo si tanki bali ni shimo la kunyonyea, na likipokea kinyesi moja kwa moja linakipeleka ardhini kikiwa bado na vimelea.

Tanki halisi la majitaka lina sakafu na kuta zisizopitisha maji. Ndani yake kuna vyumba viwili au zaidi, na chumba cha kwanza huchukua takriban theluthi mbili za ujazo wote. Majitaka huingia na kutoka kupitia bomba lenye umbo la herufi T, ili yasilivuruge povu linaloelea juu wala tope lililotulia chini. Kwa kuwa bomba la kutokea liko juu, tanki la namna hii linajaa maji baada ya muda mfupi na kubaki limejaa siku zote. Kadiri maji yanavyoingia upande mmoja, kiasi kilekile kinatokea upande wa pili kwenda kwenye shimo la kunyonyea. Kinachoongezeka ni tope. Ndiyo maana kuuliza kama tanki limejaa si swali lenyewe. Swali ni tope limefikia kina gani.

Tuchukue kaya ya watu wanane. Kipimo kinachotumika sana na wahandisi ni lita 40 za tope kwa mtu mmoja kwa mwaka, ingawa kiasi hicho hutegemea chakula, matumizi ya maji na joto. Kwa watu wanane ni lita 320 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni lita 960. Kila mmoja akitoa lita 80 za majitaka kwa siku, kaya hiyo hutoa lita 640, nazo zinahitaji kukaa ndani ya tanki kwa angalau saa 24 ili uchafu utulie. Jumla ni lita 1,600. Tanki lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1.2 lina ujazo wa lita 2,400, hivyo linaitosha kaya hiyo na kuacha akiba kwa siku za wageni na misiba. Juu ya maji iachwe nafasi ya sentimita 30 kwa ajili ya povu na gesi, na bomba la hewa lipande juu kupita paa.

Umbali nao una uzito wake. Kipimo kilichozoeleka ni shimo la choo au la kunyonyea kuwa angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Katika viwanja vidogo vya maeneo yasiyopimwa kipimo hicho hakiwezekani. Ukweli huo usifichwe: palipo na viwanja vya hatua chache, kisima kifupi na karo haviwezi kukaa pamoja kwa usalama, na maji ya kisima hicho yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Pale ambapo maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi, kama ilivyo katika maeneo ya mabondeni na sehemu za mwambao, shimo la kunyonyea halinyonyi chochote wakati wa masika. Maeneo hayo yanahitaji tanki lisilovuja linalovutwa mara kwa mara, au mabomba ya pamoja ya kipenyo kidogo yanayopita kati ya nyumba, kama yale yaliyojengwa Vingunguti kwa ushirikiano na wakazi wenyewe.

Anayejenga anashauriwa kuhakikisha kuwa ramani anayoombea kibali cha ujenzi inaonyesha tanki, shimo la kunyonyea na njia ya gari kulifikia. Ni vyema pia amwite afisa afya wa kata aone kazi kabla haijafukiwa. Baada ya zege kukauka, hakuna anayeweza kujua kama sakafu ipo.

Uvutaji, na kile kinachoitwa kutapisha

Tope lipimwe kila mwaka. Njia yake ni nyepesi: fito ndefu iliyoviringishwa kitambaa cheupe huteremshwa hadi sakafuni kupitia mfuniko wa ukaguzi, ikaachwa kwa dakika chache, kisha ikatolewa polepole. Sehemu ya kitambaa iliyobaki nyeusi huonyesha kina cha tope. Likifika theluthi moja ya kina cha maji, yaani sentimita 40 katika mfano wetu, wakati wa kuita gari umefika. Likiachwa lizidi hapo, tope huanza kutoka pamoja na maji na kuziba shimo la kunyonyea, na kuchimba shimo jipya ni ghali kuliko kuvuta.

Dawa zinazouzwa madukani kwa ahadi ya kula kinyesi hadi karo lisihitaji kuvutwa hazichukui nafasi ya gari. Kwa upande mwingine, dawa kali za kusafishia choo zikimiminwa kwa wingi huua bakteria wanaofanya kazi ndani ya tanki. Nepi, taulo za kike, vitambaa na mafuta ya kupikia visiingie humo kabisa, na maji ya mvua kutoka kwenye paa yawe na njia yake.

Mwananchi anapoita gari la majitaka anapaswa kuuliza mambo mawili: kama lina kibali, na tope litamwagwa wapi. Dar es Salaam magari hayo hupeleka mzigo kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, yakiwemo ya Vingunguti, ambako uchafu hupita bwawa moja hadi jingine, bakteria wakiuvunjavunja na jua likiua vimelea. Gari linalotoza bei ya chini isiyo ya kawaida huenda halifiki huko. Mto au korongo la karibu ndilo linalolipia tofauti ya bei.

Zoezi lenye madhara makubwa zaidi ni lile ambalo mitaani huitwa kutapisha. Mvua kubwa inaponyesha, tundu lililozibwa ubavuni mwa shimo la choo hufunguliwa, na kinyesi hutoka pamoja na mafuriko kuelekea barabarani, kwenye mitaro na kwa majirani wa chini. Baadhi ya vyoo vilivyoinuliwa juu kwa ngazi vimejengwa na tundu hilo tangu mwanzo. Ni kosa, na ni njia fupi ya kukisambaza kipindupindu. Hata hivyo ni haki kusema kwamba si kila anayetapisha anafanya hivyo kwa ukaidi. Kuna vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, na kuna kaya zisizomudu bei ya gari zima. Kwa maeneo hayo zipo pampu za mkono na vyombo vidogo vya usafiri vinavyobeba tope kidogo kidogo, na mitambo midogo ya kutibu tope iliyo jirani na wananchi, kama ule wa Toangoma wilayani Temeke, hupunguza umbali wa safari. Huduma za namna hiyo bado ni chache kuliko mahitaji, na hilo ni deni la mamlaka, si la mwananchi peke yake.

Asiingie mtu ndani ya shimo. Karo lililofungwa hukusanya methani, inayolipuka kwa kiberiti kimoja, na haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Gesi hii ya pili ikizidi huiua pua isinuse, hivyo mtu hudhani harufu imekwisha wakati hatari imeongezeka. Katika ajali za namna hii anayekufa mara nyingi si mmoja: wa kwanza huanguka, wa pili hushuka kumwokoa, naye haibuki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda uhai wa anayemfanyia kazi, na kijana aliyeokotwa mtaani kwa ujira wa siku ni mfanyakazi kama mwingine. Mtu akianguka shimoni, wito uende Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa simu namba 114, na waliobaki juu wabaki juu.

Malalamiko kuhusu karo linalofurika au majitaka yanayotiririshwa mtaani yaanzie kwa afisa afya au mtendaji wa kata, ambao wanaweza kufika, kukagua na kutoa ilani ya maandishi. Uchafuzi wa mto, bahari au chanzo cha maji uripotiwe pia NEMC. Mgogoro na mamlaka ya maji kuhusu huduma au ankara hupelekwa kwanza kwa mamlaka yenyewe na, usipotatuliwa, EWURA. Mwenye nyumba atunze stakabadhi ya kila uvutaji ikionyesha tarehe, namba ya gari na mahali tope lilipopelekwa. Mkaguzi akigonga mlango, hicho ndicho kielelezo atakachokitaka kwanza.