Elias Kachunga: baba Mkongomani, mama Mjerumani, na jezi ya Leopards

Mabishano ya mpira hapa Keshero yana majina yake. Jioni, vijana wakisimama kando ya barabara ya Sake, watataja Bakambu, Wissa, Mbemba, na siku hizi Wan-Bissaka. Elias Kachunga hatajwi sana. Anayemkumbuka humweka kwenye kapu moja na wale wanaosemwa kuwa walikuja Kongo baada ya Ulaya kuwakataa. Neno hilo hutupiwa karibu kila mchezaji wa diaspora. Kwa Kachunga lina ukweli kidogo na uongo mwingi, na inafaa kufuata njia yake tangu mwanzo, hasa sasa ambapo uraia wa wachezaji wa Kongo umefika mezani kwa FIFA.

Kachunga alizaliwa tarehe 22 Aprili 1992 huko Haan, mji mdogo wa magharibi mwa Ujerumani. Baba ni Mkongomani, mama ni Mjerumani. Mpira alifundishwa katika Borussia Mönchengladbach, klabu yenye historia ndefu, na akachezea ekipe za vijana za Ujerumani. Mpaka hapo ni hadithi ya mtoto anayepanda ngazi. Lakini Mönchengladbach ilikuwa na washambuliaji wengine, na kijana alianza kukopeshwa: Osnabrück katika ligi ya tatu, Hertha ya Berlin, kisha Paderborn katika ligi ya pili. Mchezaji wa mkopo anafanya kazi yake akiwa na begi mlangoni. Akicheza vizuri anarudishwa, akicheza vibaya anapelekwa kwingine.

Paderborn ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka 2014 klabu hiyo ndogo ilipanda Bundesliga kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Kachunga akabaki nayo. Tarehe 24 Agosti 2014, katika mechi ya kwanza dhidi ya Mainz iliyoisha 2-2, yeye ndiye aliyefunga bao la kwanza la Paderborn katika ligi kuu ya Ujerumani. Hakuna atakayelifuta bao hilo katika vitabu vya klabu. Wiki chache baadaye walicheza na Hannover. Kachunga alifunga la kwanza, kisha mwenzake Moritz Stoppelkamp akapiga mpira kutoka nusu yao wenyewe, zaidi ya metre 80, ukaingia. Paderborn ikakaa kileleni mwa ligi. Dunia ilikumbuka shuti la Stoppelkamp; la Kachunga lilisahauliwa siku hiyo hiyo. Mwisho wa msimu, Paderborn ikashuka.

Akahamia Ingolstadt, mambo hayakwenda. Mwaka 2016 akakopeshwa tena, safari hii Uingereza, kwa Huddersfield Town ya ligi ya pili. Kocha alikuwa David Wagner, mzaliwa wa Ujerumani ambaye alipokuwa mchezaji aliichezea timu ya taifa ya Marekani. Kwa hiyo mtu aliyempokea Kachunga alijua mwenyewe maana ya kuzaliwa huku na kuvaa jezi ya kule. Kachunga alifunga katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Brentford, na akamaliza msimu na mabao 12 ya ligi. Tarehe 29 Mei 2017 alianza fainali ya mchujo Wembley dhidi ya Reading. Ilikwenda 0-0, Huddersfield ikashinda kwa penalti 4-3 na kurudi ligi kuu ya Uingereza baada ya miaka 45.

Katikati ya msimu huo, msimu bora kuliko yote ya maisha yake, ndipo alipoitikia Kongo. Tarehe 26 Machi 2017 Leopards walicheza mechi ya kirafiki na Kenya huko Machakos, wakapoteza 2-1, na Kachunga akaivaa jezi kwa mara ya kwanza. Kocha alikuwa Florent Ibenge, yule ambaye mwaka mmoja nyuma alichukua CHAN hapo jirani Kigali kwa kuifunga Mali 3-0, akiwa na wachezaji wa ligi ya nyumbani pekee, kama mashindano hayo yanavyotaka. Kwa Ibenge hakukuwa na ugomvi kati ya watoto wa Linafoot na watoto wa Ulaya: alihitaji wote.

Kwa hiyo tarehe zinakataa maneno ya barabarani. Aliyekataliwa hafungi mabao 12 katika ligi ngumu kama ile. Ukweli uliopo ni huu: ekipe kubwa ya Ujerumani, bingwa wa dunia wa 2014, haikuwa na nafasi kwake, na yeye alilijua hilo. Mtu kuchagua kazi pale anapohitajika si usaliti. Wachezaji waliozaliwa Goma nao huenda Kinshasa, Lubumbashi au Tanzania kutafuta mkataba, na hakuna anayewauliza kama wanaipenda Kivu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Zamani, aliyekwisha kuchezea vijana wa nchi moja aliruhusiwa na FIFA kubadili taifa kabla tu ya kutimiza miaka 21. Kanuni hiyo ya mwaka 2004 iliondolewa umri katika mkutano wa FIFA huko Bahamas, Juni 2009. Siku ya Machakos Kachunga alikuwa na miaka 24. Bila uamuzi wa Bahamas, Kongo isingeweza kumgusa.

Zaidi ya FIFA kuna sheria za nchi, na hapa ndipo penye mwiba. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, na hauwezi kushikwa pamoja na mwingine wowote. Sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004 inasema hivyo hivyo, na inaongeza kwamba Mkongomani anayepata uraia wa kigeni anapoteza ule wa Kongo. Lakini sheria hiyo hiyo inamtambua kuwa Mkongomani wa asili mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkongomani. Ukisoma maneno haya unaona yalimlenga mtu mzima anayekwenda kuomba paspoti ya kigeni. Mtoto aliyezaliwa Haan na wazazi wa mataifa mawili hakuomba chochote. Alipewa yote mawili akiwa kitandani. Ujerumani yenyewe, ambayo kwa miaka mingi iliubana uraia pacha, iliufungulia mlango wazi Juni 2024.

Hapa Kivu neno uraia halichezewi. Sheria ya 1972 iliwapa watu uraia, ile ya 1981 ikawanyang'anya, na machungu yake yanaendelea mpaka leo. Ndiyo sababu hakuna mwanasiasa anayependa kukigusa kifungu cha 10. Mwaka 2007 Bunge liligundua kwamba ndani yake mna wabunge wenye paspoti mbili, likawapa muda wa kujirekebisha, na kelele zikapoa polepole. Mpira nao umeishi hivyo hivyo: kila mtu anajua, hakuna anayeuliza.

Nigeria iliuliza. Tarehe 16 Novemba 2025, mjini Rabat, Leopards waliitoa Nigeria kwa penalti katika mchujo wa Kombe la Dunia, na Chancel Mbemba akapiga ile ya mwisho. Desemba, shirikisho la Nigeria likapeleka malalamiko FIFA, likidai kwamba baadhi ya wachezaji wa Kongo hawakustahili kucheza, kwa kuwa sheria ya Kongo hairuhusu uraia wa pili. Kifungu kilichoandikwa Kinshasa kikawa silaha mikononi mwa mpinzani. Watu walicheka hapa Goma, lakini haikuwa ya kuchekesha. Kikosi hicho kina Axel Tuanzebe, aliyezaliwa Bunia, kule Ituri, akakulia Uingereza. Mtu wa Bunia kuulizwa kama ni Mkongomani!

Na si mara ya kwanza Kongo kutojua la kufanya na wachezaji wake wa Ulaya. Miaka ya 1950 na 1960 Léon Mokuna alicheza Ureno na Ubelgiji. Paul Bonga Bonga na Julien Kialunda nao walikuwa Ubelgiji. Waliitwa «Belgicains», jina lenye heshima na wivu ndani yake. Mobutu aliposhika madaraka mwishoni mwa 1965, wachezaji hao wakaanza kuitwa nyumbani, na Kombe la Afrika likaja 1968, kisha 1974. Mwaka huo wa 1974 Zaire ilikwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi na watu wa nyumbani tu, ikafungwa 9-0 na Yugoslavia na 3-0 na Brazil, mechi zote mbili Gelsenkirchen, si mbali na Haan. Mmoja wa waliokuwa katika kikosi hicho, Kakoko Etepe, alirudi Ujerumani miaka ya 1980 kutafuta mkate, akacheza Stuttgart na Saarbrücken. Njia ya Mkongomani kwenda klabu za kawaida za Ujerumani ilikwishakanyagwa kabla Kachunga hajazaliwa.

Yeye mwenyewe jezi ya Leopards hakuivaa mara nyingi. Desemba 2017, katika ligi kuu ya Uingereza, aliumia goti, na sehemu kubwa ya msimu ikapotea. Huddersfield ilishuka 2019. Mwaka 2020 alikwenda Sheffield Wednesday, nayo ikashuka mpaka ligi ya tatu. Ndipo ilipoanza sehemu ya kazi yake ambayo haionyeshwi kwenye televisheni za Goma: Bolton Wanderers, ligi ya tatu, mechi za Jumanne usiku kwenye baridi na mvua, mshambuliaji wa miaka 30 anayekimbia kwa ajili ya wengine. Wale wanaodhani kila aliye Ulaya ni tajiri na maarufu wangetazama ligi hiyo.

Tarehe 2 Aprili 2023 Bolton ilifika Wembley katika fainali ya kombe la klabu za ligi ya tatu na ya nne, ikaifunga Plymouth 4-0, na moja ya mabao hayo ni la Kachunga. Mwaka huo huo akahamia Cambridge United, ligi ile ile ya tatu, akiwa na miaka 31.