Kumbukumbu ya Utumwa, Kanisa Anglikana na Kalenda ya Taifa: Mtazamo kutoka Vitongoji, Pemba

Vitongoji ni kijiji kilichopo mashariki ya mji wa Chake Chake, katika upande wa Pemba ambao ardhi yake ni ya mawe na uwanda zaidi kuliko ile ya vilima na mabonde ya mikarafuu. Wenyeji wake ni Waislamu, wengi wao wakulima na wavuvi. Kuwapo kwa kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania na hospitali ya Serikali kumewaleta kijijini hapo askari na watumishi kutoka Bara, wakiwamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Mwaka wa Vitongoji, kwa hiyo, una siku za aina tatu. Zipo Idi mbili na Maulidi, ambazo ni za kijiji kizima. Zipo Ijumaa Kuu, Pasaka na Krismasi, ambazo ni siku za mapumziko kisheria ingawa wanaozisherehekea ni wachache. Na zipo siku za Taifa: Mapinduzi tarehe 12 Januari, Siku ya Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 Aprili, na nyinginezo.

Katika siku hizi zote watu hushirikiana kwa njia inayojulikana kote pwani. Jirani hupelekewa sahani, watoto hupewa chochote, na katika hafla za Serikali dua husomwa na sheikh na padri kwa zamu. Mtu anaweza kuridhika na hali hiyo na kusema kwamba suala la ujirani wa dini limekwisha. Makala haya yanadai kwamba halijakwisha, kwa sababu kushirikiana siku ni jambo jepesi kuliko kushirikiana historia iliyozaa siku hizo. Kanisa Anglikana limejenga nafasi yake katika historia ya Zanzibar juu ya kumbukumbu moja, yaani kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Kumbukumbu hiyo, kwa jinsi inavyosimuliwa Mkunazini, haivuki mkondo wa Pemba ikabaki kama ilivyo.

Habari za Mkunazini zinafahamika. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na Uingereza kupitia balozi wake John Kirk, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kuyafunga masoko yao. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa la Kristo liliwekwa mahali palipokuwa soko. Aliyesimamia ujenzi alikuwa Edward Steere wa misheni ya UMCA, mtu ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa sarufi na hadithi alizozichapisha mwaka 1870. Mapokeo ya kanisa yanasema kwamba altare imewekwa pale uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Msalaba mmoja uliomo ndani umechongwa kwa mbao za mti wa Chitambo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa.

Lisilosimuliwa kwa uzito huohuo ni kwamba sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindu, na kwamba saa ya mnara, kwa mujibu wa mapokeo, ni zawadi ya Barghash mwenyewe. Kwa maneno mengine, jengo ambalo leo hutazamwa kama ushahidi wa ushindi wa Ukristo dhidi ya utumwa lilisimama kwa mikono ya dini tatu. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba kupunguzwa kwa habari hii hakukutokana na nia mbaya. Ni tabia ya masimulizi ya ukombozi: huhitaji mkombozi mmoja na mkombolewa mmoja, na wengine wote huwa mzigo kwa hadithi. Hata vyumba vya chini ya jengo la jirani, ambavyo wageni huoneshwa kama mahabusu ya watumwa, wapo wanahistoria wanaotilia shaka matumizi yake kwa kuwa jengo lenyewe ni la wakati wa misheni, baada ya soko kufungwa.

Tukivuka kwenda Pemba, hadithi inabadilika. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Mkataba wa 1873 ulizuia kuuza na kusafirisha watu. Haukumwachia huru aliyekuwa tayari shambani. Wakati altare ya Mkunazini inawekwa wakfu, maelfu ya watumwa walikuwa wakipalilia na kuchuma karafuu Pemba, na biashara ya magendo iliendelea kuwaleta wengine. Uhuru wa kisheria ulisubiri amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897, tena uhuru wa masharti. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Bwana alilipwa fidia. Aliyeachiwa alipaswa kuonesha kwamba ana makaazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909.

Na hapa ndipo Kanisa linapoingia kwa namna isiyotajwa Mkunazini. Afisa aliyepewa kazi ya kuisimamia amri hiyo Pemba alikuwa J. P. Farler, aliyepata kuwa shemasi mkuu wa UMCA huko Magila. Alikuwa mtu wa Kanisa kwa malezi na mtu wa Serikali kwa wadhifa, na katika utekelezaji alifuata zaidi njia ya Serikali: mwendo wa taratibu, mikataba ya kazi baina ya walioachiwa na mabwana zao wa zamani, na hofu ya kuvuruga mavuno. Waliomkosoa utaratibu huo kwa sauti kubwa walikuwa Wakristo wenzake, Marafiki, yaani Wakweka, waliofungua misheni yao Banani mwaka 1897. UMCA nayo ilikuwa na kituo chake Wete. Basi katika kisiwa kimoja, na katika mwaka mmoja, Wakristo walikuwa pande zote za mjadala juu ya kasi ya uhuru. Si picha inayochongeka kirahisi katika jiwe la ukumbusho.

Waliobakia bila ya kuandikwa ni wale waliotembea kwenda mahakamani, na wale waliokataa kwenda. Utafiti wa Frederick Cooper uliochapishwa mwaka 1980 umeonesha jinsi watumwa wa jana walivyojipatia nafasi mashambani wakiwa wapangaji wa ardhi: wakijenga vibanda vyao, wakipanda mihogo chini ya mikarafuu, na kukataa kufanya kazi kwa amri. Elisabeth McMahon, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kinachohusu hasa Pemba, amefuatilia namna watu hao walivyotafuta heshima ndani ya jamii ya Kiislamu ya kisiwa, kwa ndoa, kwa mali ndogo, kwa ujirani na kwa mwenendo. Idadi kubwa hawakuhamia misheni. Walibaki Waislamu, wakaoa na kuolewa, na vizazi viwili vitatu baadaye asili yao ikawa jambo ambalo muungwana halitaji mbele ya watu.

Ukimya huo mara nyingi huhukumiwa na wageni kuwa ni woga au usahaulifu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Ukimya wa Pemba ulikuwa ni mapatano: wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa waliweza kusali safu moja kwa sharti kwamba hakuna atakayemwuliza mwenziwe babu yake alikuwa nani. Mapatano hayo hayakuwa ya haki kwa wote. Aliyefaidika zaidi ni yule ambaye babu yake hakuwa na la kuficha ila umilikaji. Lakini yaliwawezesha watu kuishi.

Siasa za miaka ya 1957 hadi 1964 ndizo zilizoutikisa ukimya huo. Jonathon Glassman ameeleza kwa kirefu jinsi kumbukumbu ya utumwa ilivyogeuzwa silaha katika magazeti na majukwaa ya vyama, na jinsi masimulizi yaliyotoka katika shule za misheni yalivyochangia kumchora kila Mwarabu kuwa mfanyabiashara ya watu. Pemba, ambako Wapemba wengi walikuwa wenyewe na mikarafuu na ambako mipaka baina yao na Waarabu ilikuwa laini zaidi, iliipa kura nyingi ZPPP ya Muhammad Shamte. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963 na Shamte akawa Waziri Mkuu. Mwezi mmoja baadaye Mapinduzi yaliiondoa serikali yake, na tarehe 10 Disemba ikatoka katika kalenda rasmi. Kwa hiyo Mpemba wa rika fulani anaposikia habari za soko la watumwa, hasikii habari za mwaka 1873 peke yake. Anasikia pia yaliyosemwa mwaka 1961, na yaliyomfika yeye au jamaa zake baada ya 1964.

Hali hii inamweka Mwanglikana wa Zanzibar mahali pagumu. Watu kama marehemu Augustino Ramadhani, Mzanzibari na Mwanglikana aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar katika miaka ya 1980, baadaye Jaji Mkuu wa Tanzania, kisha padri, wanathibitisha kwamba Mkristo si mgeni katika taifa hili. Hata hivyo matukio ya 2012 na 2013, makanisa yalipochomwa na padri wa Kikatoliki kupigwa risasi mjini Unguja, yalionesha jinsi ugeni huo unavyoweza kurudishwa ghafla. Jamii ndogo iliyotishwa huelekea kushikilia kwa nguvu zaidi ile hadithi inayoipa heshima, nayo ni Mkunazini.

Hazina ya kanisa lenyewe ina hadithi nyingine. Askofu Frank Weston mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali dhidi ya kazi za kulazimishwa katika makoloni ya Waingereza Afrika Mashariki, akiwashitaki watu wa taifa lake kwa kuwafanya Waafrika kuwa watwana. Mtu aliyesema hayo anaweza kutajwa Pemba bila ya kumtia doa jirani yeyote, kwa kuwa alianza kwa kujihukumu mwenyewe na kwao.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Pemba ina namna zake za kubeba historia ya wageni. Mchezo wa ng'ombe, unaochezwa Pujini, Kengeja na kwengineko, unasemekana kuwa ni alama ya Wareno. Iwe kweli au si kweli, hakuna anayeingia uwanjani kumshangilia Mreno wala kumlaani. Ng'ombe ni wa kijiji, ngoma ni ya kijiji.

Amri ya kuondoa utumwa Zanzibar ilitangazwa tarehe 6 Aprili. Siku hiyo haimo katika kalenda ya Serikali wala katika ile ya Kanisa. Vitongoji hupita kama siku nyingine yoyote ya masika, watu wako mashambani, na kesho yake ofisi hufungwa kwa Siku ya Karume na khitma husomwa.