Nyangwe, Mji wa Soko

Sisi watu wa Kindu tukiulizwa juu ya miji ya zamani ya Maniema, twaitaja Kasongo upesi, na Nyangwe twaisahau. Walakini mji huo mdogo, ulioko kusini yetu kando ya mto Lualaba, ulijulikana hata Ulaya katika miaka ya 1870.

Nyangwe ilikuzwa na soko. Waarabu na Wangwana walipofika kutoka pwani wakitafuta pembe na watumwa, wenyeji walikuwa na desturi ya masoko tangu kale. Siku ya soko mitumbwi ilijaa mtoni. Akina mama walileta samaki, kuku, mawese, chumvi na vyungu. Livingstone, aliyefika mwezi wa Machi 1871, aliandika kwamba hata nchi mbili zilipopigana, mama wa soko alipita katikati bila kuguswa. Tena karatasi zilimwishia, akaandika habari hizo juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya mmea.

Tarehe 15 Julai 1871 amani hiyo ilivunjwa. Watu wapata 1,500 walikuwa sokoni. Wakaingia watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe, wenye bunduki, jambo lisilo desturi. Mmoja alibishana juu ya bei ya kuku, na mara risasi zikalia. Watu walikimbilia mitumbwi. Wengine wakapigwa, wengi wakafa maji. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwachoma watu wengi, ikaongeza nguvu ya waliopinga biashara ya watumwa. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja. Lakini huku bara biashara hiyo iliendelea miaka mingi. Mwezi wa Machi 1893 askari wa Dhanis waliteka Nyangwe katika vita vya Dola la Kongo na Waarabu, na mji haukurudia ukubwa wake.

Urithi wa nyakati zile tunao: Kiswahili tunachosema na mpunga tunaolima. Lakini urithi bora ni ule wa wenyeji, yaani sheria ya kwamba mwenye kapu la sokoni haguswi. Maniema imeona bunduki nyingi tangu siku ile. Basi tuwafundishe watoto wetu sheria hiyo, kwa maana ndiyo iliyoujenga mji.