Kuvu fiche: hatari katika nyumba za kodi nafuu

RANGI mpya ukutani si ithibati kwamba nyumba ni salama. Kuvu humea palipo na unyevu: nyuma ya kabati, juu ya dari na kando ya mabomba yanayovuja. Rangi huificha tu. Maji yasipozibwa, madoa meusi hujitokeza tena.

Mnamo Desemba 2020, Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyeishi mjini Rochdale, Uingereza, alifariki. Babake alikuwa amelalamikia kuvu katika nyumba yao ya kupanga, akashauriwa aipake rangi. Uchunguzi wa kifo hicho ulibainisha mnamo Novemba 2022 kuwa kuvu hiyo ndiyo iliyodhuru mfumo wake wa kupumua.

Mpangaji wa hapa nchini naye hana budi kujikinga kabla ya kulipa amana. Anusapo uvundo au agusapo ukuta wenye unyevu, aulize maji yanatoka wapi. Aliyekwisha kuhamia amwandikie mwenye nyumba na kuhifadhi nakala. Akipuuzwa, apige ripoti kwa afisa wa afya ya umma, kwani Sheria ya Afya ya Umma inaharamisha makao yanayohatarisha afya.