Walioharamishwa Ng'ambo Zote Mbili

Kila inapoandikwa habari ya dini chini ya Idi Amin wa Uganda, jina la kwanza ni Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977. Ni haki. Ila hufuatishwa dai kwamba Amin, kwa kuwa alikuwa Mwislamu, aliwaandama Wakristo. Dai hilo limekaririwa mno, na halisimami.

Tazama mwaka 1973. Mwezi Juni Amin alipiga marufuku madhehebu kadhaa, wakiwamo Mashahidi wa Yehova. Hawa hawashiki silaha, hawajiungi na chama cha siasa, hawapigi saluti bendera. Utawala ulioingia kwa mapinduzi ya jeshi haukuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo. Wamisionari wakafukuzwa, waumini wakaendelea kukutana kwa siri, wachache wachache, majumbani.

Lakini Aprili mwaka huohuo serikali ya Jomo Kenyatta nchini Kenya nayo ilikuwa imekifuta chama chao, ikaja kuwaruhusu tena baada ya miezi kadhaa. Hivyo katikati ya mwaka 1973, Shahidi aliyevuka mpaka wa Malaba kutoka Kenya kwenda Tororo, Uganda, alitoka kwenye marufuku moja akaingia nyingine. Tanzania ya Nyerere ilikwisha kuwaharamisha mwaka 1965. Malawi ilifuata mwaka 1967 chini ya Kamuzu Banda, mzee wa Kanisa la Presbiteri. Huko walipigwa na kuchomewa nyumba kwa kukataa kununua kadi ya chama tawala, na mwaka 1972 maelfu wakakimbilia Zambia. Kati ya watawala hao watatu hakuna Mwislamu hata mmoja. Kilichowaudhi wote ni raia anayesema hapana kwa utulivu.

Tukirudi Uganda, Septemba 1977 Amin aliharamisha makundi 27 ya dini, Wabahai miongoni mwao. Wabahai si wapinga vita kwa maana ya Mashahidi, ila imani yao inawakataza siasa za vyama. Walitii, wakavunja mabaraza yao, na hekalu lao la Kikaya, Kampala, likafungwa. Kiongozi wao mashuhuri, Enoch Olinga, alikuwa Mteso, wa kabila lililogawanywa na mpaka kati ya Tororo na Amagoro, upande wa Kenya. Aliuawa nyumbani kwake Kampala Septemba 1979 pamoja na mkewe na watoto wao watatu, miezi mitano baada ya Amin kuanguka. Mauaji hayo yasiandikwe kwenye hesabu ya Amin.

Luwum ana sikukuu ya taifa Uganda kila Februari 16. Waliosali kwa siri hawana kumbukumbu kama hiyo. Huenda baadhi yao bado wako hai, Malaba, Amagoro na Busia. Kaunti za Busia na Bungoma, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ziwarekodi sasa.