Ngoma, tarumbeta na kandanda: asili ya shangwe za viwanjani Lubumbashi

Historia ya kandanda ya mji wa Lubumbashi huandikwa kwa kawaida kwa kuhesabu vikombe. Twasoma ya kwamba Englebert, ndiyo TP Mazembe ya leo, ilitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Ya kwamba ilifika fainali tena mwaka 1969 na 1970 ikashindwa. Na ya kwamba ilirudi kileleni mwaka 2009, 2010 na 2015. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini inawasahau watu walio wengi kuliko wote uwanjani, yaani wale wasiogusa mpira. Kwa kila wachezaji ishirini na wawili huwako maelfu wanaopiga ngoma, wanaopuliza tarumbeta, wanaoimba na kuitikia tangu kabla ya mchezo kuanza hadi watu watawanyikapo. Makala haya yana shabaha ya kuwatazama hao, na kuuliza walijifunza wapi kazi yao.

Tunasema kazi kwa makusudi. Wageni wengi, na hata wasomi wetu wengine, huzieleza shangwe za uwanjani kama kitu kinachofoka chenyewe kutoka katika damu ya Mwafrika. Lugha ya mji wetu inawakanusha. Neno la Kifaransa lilikwisha kuingia katika Kiswahili cha Lubumbashi kwa sura ya ambiansi, na ambiansi hutiwa, kama chumvi itiwavyo katika mboga. Yuko mwenye kuitia; yuko pia mwenye kulaumiwa ikikosekana.

Ili kumjua mtiaji huyo, yatupasa kwenda mbali kidogo, hadi pwani ya Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Huko Lamu na Mombasa ilizuka ngoma iliyoitwa beni, iliyopata jina na sura yake kutoka kwa vikundi vya muziki wa kijeshi wa Kizungu. Wachezaji walivaa sare, walipiga ngoma kubwa na tarumbeta, waliandamana kwa mistari, tena walipeana vyeo: mfalme, gavana, jenerali, daktari. Jambo lililo muhimu kwetu ni kwamba beni haikuwa ya chama kimoja peke yake. Sikuzote vilikuwako viwili, kila kimoja kikitaka kumshinda mwenzake kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kejeli. Mombasa walikuwako Kingi na Skochi. Baadaye, katika Tanganyika, Marini na Arinoti. T. O. Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha jinsi ngoma hiyo ilivyosafiri na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hadi bara. Majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliiteka Tabora mwezi Septemba 1916, na waliorudi kutoka huko hawakurudi na bunduki tu. Kati ya vita viwili vya dunia ngoma hiyo, kwa jina la mbeni, ilikuwa imekwisha kukaa Elisabethville, mji uliokuwa umeanzishwa mwaka 1910 na kujaa wafanyakazi kutoka Kasai, Rodesia ya Kaskazini, Nyasa na kwingineko. Kwa watu waliotengwa na koo zao, mbeni ilikuwa ni kuzikana, kusaidiana katika ugonjwa, na kuwa na cheo siku ya Jumapili, ingawa Jumatatu mwenye cheo alirudi kushika koleo.

Serikali ya kikoloni iliitazama mbeni kwa jicho la wasiwasi. Watu weusi waliojipanga kwa mistari, wakiwa na jenerali wao wenyewe, hawakuwa mchezo machoni pa mtawala. Kwa upande mwingine, wamisheni na makampuni walikuwa na dawa yao: wape vijana muziki huo huo na michezo, lakini chini ya mkono wetu. Ndipo tunapokutana na fanfari za misheni na za kambi za Union Minière, na vikundi vya skauti, na hatimaye timu za mpira. Mwaka 1939 mapadre Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface waliunda timu ya Saint-Georges, kwa jina la mtakatifu msimamizi wa skauti. Timu hiyo iliitwa Saint-Paul mwaka 1944, kisha Englebert kwa jina la kampuni ya mipira ya magari. Mwaka huo huo wa 1939 ilizaliwa Saint-Éloi, timu ya watu wa reli, inayopendwa hadi leo kwa jina la Lupopo. Na Eligius ndiye mtakatifu wa wafua vyuma. Msomaji atatambua mara moja ya kwamba mji ulikuwa umepata tena wawili wake. Weusi na weupe wa Mazembe, buluu na manjano ya Lupopo, zilichukua mahali pa sare za zamani. Hatusemi kwamba fulani aliacha mbeni asubuhi akaingia jukwaani jioni. Twasema tu kwamba desturi ya kushindana wawili wawili, kwa rangi, kwa vyeo, kwa shaba inayolia na kwa matusi yenye mizani, ilikuwa imekwisha kuwa mali ya mji kabla ya kipenga cha kwanza cha pambano hilo.

Lakini kwa nini uwanja, hasa, ukawa makao ya desturi hiyo? Hapa historia yetu ina jambo zito. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma kwa ajili ya mishahara walikusanyika katika uwanja wa kandanda. Gavana wa jimbo, Maron, alikuwako. Askari walifyatua risasi, na makumi ya watu waliuawa, pamoja na msemaji wao Léonard Mpoyi. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliliweka tukio hilo katika mfululizo wa picha zake za historia ya nchi katika miaka ya 1970, na wakazi wengi wa mji wameijua siku ile kwa njia ya rangi kuliko kwa njia ya vitabu. Tafakari basi: mahali pale pale pa watu weusi kukusanyika kwa maelfu na kupaza sauti pangeweza kuwa pa mchezo wiki hii na pa mauti wiki ijayo. Vyama vya siasa havikuruhusiwa hata karibu na mwisho wa utawala wa Ubelgiji. Uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya miji ulifanyika Desemba 1957 tu. Kwa muda wa karibu miaka ishirini, kelele pekee ambazo umati mkubwa uliweza kuzipiga bila kuogopa bunduki zilikuwa kelele za mpira na nyimbo za kanisa. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu ya sifa ambayo wageni huistaajabia katika majukwaa ya Lubumbashi, yaani kelele zenye utaratibu. Umati unaofuata ngoma huonekana kuwa na kiongozi. Unaweza kunguruma bila kuhesabiwa kuwa uasi.

Utaratibu huo una ufundi wake, na ufundi huo wastahili kuelezwa. Sauti husafiri hewani mita kama 340 kwa sekunde. Uwanja wa kandanda una urefu wa mita zipatazo 105. Kwa hiyo aliye upande mmoja humsikia wa upande wa pili baada ya theluthi moja hivi ya sekunde. Kwa wimbo wa mwendo wa midundo 120 kwa dakika, ambapo kila mdundo huchukua nusu sekunde, huko ni kuchelewa kwa zaidi ya nusu ya mdundo, na wimbo huanguka vipande vipande. Wapiga fanfari hawakuhitaji hesabu hizi ili kuupata ukweli wake. Huketi pamoja, katikati ya jukwaa lao, ngoma kubwa ikiwa moyo wa kundi. Tarumbeta hutoa kipande kifupi cha wimbo, kisha hunyamaza. Umati hujaza kile kimya. Mtindo wa mmoja kuanzisha na wengi kuitikia, tulioupata kwa wazazi wetu katika ngoma za vijijini na katika kazi za kuvuta vitu vizito, ndio hasa unaofaa mahali pakubwa, kwa sababu mwitiko hauhitaji kuwa mkali kama sindano. Unahitaji kuwa mnene. Mpigaji hodari hajulikani kwa nguvu za mkono. Hujulikana kwa kujua wakati wa kupunguza, timu inapopumua, na wakati wa kupandisha, kabla mpira wa kona haujapigwa. Pia humpasa kupiga timu yake inapofungwa, na hapo ndipo wapigaji wa siku moja huonekana.

Enzi za ushindi wa 1967 na 1968 ziliipa shaba hiyo sauti ya taifa zima. Kisha ikaja miaka ya 1970, na pamoja nayo kile kilichoitwa kwa Kifaransa animation politique: wafanyakazi, wanafunzi na akina mama walipangwa kwa sare kucheza na kuimba sifa za Mobutu na chama chake. Kwa mtazamo wa historia, hayo yalikuwa mbeni iliyonyang'anywa wenyewe. Vyombo vile vile, mistari ile ile, mwitiko ule ule. Ila mshindani alikuwa ameondolewa, na nyimbo zikabaki bila mtu wa kukejeliwa. Uwanjani Mazembe bado alikuwa na Lupopo, na huenda ndiyo sababu ustadi wa kejeli uliokoka huko zaidi kuliko mahali pengine.

Kuporomoka kwa Gécamines katika miaka ya 1990, baada ya mgodi wa Kamoto kuanguka mwaka 1990, kulikausha chemchemi iliyolisha michezo na muziki wa kambi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu mengi kutoka mjini na jimboni, na majirani waliokuwa wamekaa bega kwa bega jukwaani wakaagana kwenye vituo vya gari-moshi. Mwaka 1997 Moïse Katumbi alishika uongozi wa Mazembe, na uwanja mpya wa watu wapatao 18,500 ulifunguliwa Kamalondo mwaka 2011. Alikuwa pia gavana wa Katanga kutoka 2007 hadi 2015, na baadaye mgombea wa urais. Kundi la mashabiki wanaojiita Cent pour cent, kwa mavazi yao meusi na meupe na fanfari yao, lilifuatana na timu katika nchi nyingi. Mwezi Desemba 2010 dunia iliwasikia Abu Dhabi, Mazembe ilipozitoa Pachuca kwa 1-0 na Internacional ya Brazil kwa 2-0, ikawa timu ya kwanza isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali ya kombe la vilabu la dunia. Inter ya Milano ilishinda fainali hiyo 3-0. Mlinda mlango Kidiaba, kwa kurukaruka akiwa ameketi chini, alifanya kwa mwili wake kile jukwaa lilichofanya kwa shaba, na watazamaji wa televisheni wakadhani ni kichekesho tu.

Je, shabiki anayelipiwa safari na kiongozi bado ni huru katika wimbo wake? Swali hilo huulizwa kwa minong'ono mjini, na halina jibu moja. Wafalme wa mbeni nao walikuwa na wafadhili. Lililo wazi ni kwamba mwenye uwanja uliojaa ana kitu ambacho wenye vyama vya siasa wanakitamani. Tarehe 4 Januari 1959, huko Léopoldville, watu waliotoka mpirani walijiunga na wafuasi wa Abako waliozuiwa kufanya mkutano, na maasi yaliyofuata yaliharakisha uhuru. Tarehe 11 Mei 2014, katika mji huo huo uitwao sasa Kinshasa, fujo zilizuka katika mchezo wa V. Club na Mazembe. Polisi walitupa mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango, na wasiopungua 14 wakafa. Umati unapovunjika, hakuna ngoma iwezayo kuupanga tena kwa wakati.

Nyimbo zenyewe ndizo zilizo hatarini zaidi. Nyingi hutungwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa ajili ya pambano moja, hudumu msimu mmoja, hufa mchezaji anayesifiwa anapouzwa. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini akipiga tarumbeta katika fanfari ya kambi wakati wa uhuru sasa amepita themanini. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti, akienda Kamalondo au Kenya siku ya katikati ya wiki, wakati hakuna mchezo na mzee ana nafasi, ataweza bado kumwuliza ni wimbo gani Lupopo waliimbiwa mwaka 1966, na nani aliuanzisha.